Foster na Spinks: nani angebaki amesimama?

SWALI: Ndugu mwandishi, pokea salamu kutoka Pasua, Moshi. Katika saluni ninakonyolea nywele kuna ubishi uliodumu tangu Kwaresima na haujapata mwamuzi. Mjomba wangu, aliyeanza kufuatilia ngumi akiwa kijana miaka ya sitini, anashikilia kwamba katika uzito wa juu mwepesi hajazaliwa mtu wa kusimama mbele ya Bob Foster. Mimi nimetazama mapambano ya Michael Spinks kwenye simu, na naamini Foster angekosa pa kumpiga. Kinyozi amesema atakayeshindwa atalipia nywele za mwenzake kwa miezi mitatu. Tunaomba uamuzi wako pamoja na sababu zake, kwa kuwa mjomba hakubali jibu tupu.
Msomaji wa Pasua, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, wawili hawa hawakukutana kwa sababu ya umri tu. Foster, bondia wa Albuquerque, New Mexico, alizaliwa mwaka 1938, na Spinks alizaliwa St. Louis mwaka 1956. Spinks alipoingia katika ngumi za kulipwa mwaka 1977, Foster alikuwa na miaka 38 na alikwisha kuuacha ubingwa tangu 1974. Yule aliyeonekana ulingoni hadi 1978 alikuwa kivuli chake. Inatubidi basi tumchukue kila mmoja katika ubora wake: Foster wa kati ya 1968 na 1972, na Spinks wa ule usiku wa Machi 1983 alipomshinda Dwight Muhammad Qawi kule Atlantic City. Uzito hauzidi kilo 79.4, na raundi ziwe 15, kwa kuwa ndizo walizozoea wote wawili katika mapambano ya ubingwa.

Nianze na wa mjomba. Foster alikuwa na urefu wa mita 1.91, mwembamba wa miguu, na ukimtazama kwenye mizani ungedhani ni mchezaji wa mpira wa kikapu aliyepotea njia. Tarehe 24 Mei 1968, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alimlaza Dick Tiger wa Nigeria katika raundi ya nne kwa ngumi moja ya kupinda ya mkono wa kushoto, na hiyo ndiyo mara pekee ambayo Tiger alihesabiwa hadi kumi katika maisha yake yote ya ngumi. (Tiger alikuwa Mwigbo, na Tanzania ilikuwa imeitambua Biafra, nchi ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria, mwezi uliotangulia, tarehe 13 Aprili. Muulize mjomba wako kama siku ile alimshangilia Foster kwa moyo mweupe.) Baada ya hapo Foster alitetea ubingwa mara 14, na kati ya mapambano 56 aliyoshinda katika maisha yake, 46 aliyamaliza kabla ya kengele ya mwisho.

Watu husimulia ngumi ile ya kupinda na kuisahau iliyoitangulia. Silaha ya kwanza ya Foster ilikuwa jebu, yaani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, na haikuwa jebu ya kupimia umbali kama tunavyoiona kwa mabondia wengi. Ilikuwa ngumi kamili iliyonyooka, yenye uzito wa bega nyuma yake, na iliyomsukuma mpinzani hadi mahali ambapo mkono uleule ungemkuta ukirudi kwa kupinda.

Sasa wa kwako. Spinks hakuwa bondia wa kupendeza macho, nami nadhani ndiyo maana watu wengi humpunguzia daraja. Alikwenda mbele kama mtu anayekanyaga gizani, akasita, akayumba, kisha mkono wa kulia ukatoka mahali ambapo hakuna aliyeutazamia. Machi 1981 alimzimisha Marvin Johnson katika raundi ya nne. Julai mwaka huohuo alimwangusha Eddie Mustafa Muhammad katika raundi ya 12 na kumnyang'anya mkanda wa WBA (Chama cha Ngumi cha Dunia) kwa pointi. Hakuna aliyemshinda katika uzito huu, tangu siku ya kwanza hadi alipouacha. Foster hana sifa hiyo, kwa sababu mwaka 1963, kabla hajawa bingwa, alishindwa kwa pointi na Mauro Mina kule Lima.

Pambano la Qawi ndilo linalotajwa kila mara kumtetea Spinks, nami naliona kuwa ushahidi unaomwelemea. Qawi alikuwa mfupi, mita 1.70 hivi, aliyetembea kuelekea kwa mpinzani bila kurudi nyuma. Spinks alimshinda kwa kumzuia mbali: alinyoosha jebu, akasogea pembeni, akanyoosha tena, kwa raundi 15. Ilikuwa kazi ya akili sana, lakini iliwezekana kwa sababu mkono wake ulikuwa mrefu kuliko wa mwenzake. Mbele ya Foster uzio huo haupo. Foster ndiye mrefu zaidi, jebu yake ndiyo nzito zaidi, na Spinks angelazimika kufanya kile ambacho Qawi alishindwa kukifanya, yaani kuingia ndani akipigwa njiani.

Je, angeweza kuingia? Hapa nakupa haki yako, kwa maana Foster alikuwa na tabia ya kuishusha mikono, na Januari 1969 Frank DePaula alimwangusha chini kabla Foster hajainuka na kulimaliza pambano katika raundi hiyohiyo ya kwanza. Mkono wa kulia wa Spinks, ukipita juu ya jebu iliyochelewa kurudi, ungemweka Foster sakafuni angalau mara moja. Naliona hilo waziwazi, na nadhani lingetokea mapema, kabla ya raundi ya tano.

Kwa hiyo tunahitaji kujua Foster hufanya nini anapokutana na mtu asiyekaa mahali pamoja, na jibu lilipatikana Septemba 1972, Wembley, London. Chris Finnegan wa Uingereza alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, msumbufu, mwenye pumzi nyingi, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki katika uzito wa kati mwaka 1968, uzito uleule ambao Spinks aliupatia dhahabu yake Montreal mwaka 1976. Alimhangaisha Foster kwa saa nzima karibu. Aliteleza, alirudi, alimfanya bingwa akose. Katika raundi ya 14 Foster, akiwa na miaka 33, bado alikuwa na ngumi ya kumaliza kazi, na aliimaliza. Pambano hilo linatuambia mambo mawili: kwamba mtu wa mtindo wa Spinks angempa Foster shida kubwa, na kwamba shida hiyo haikuzimaliza nguvu za Foster. Ni kweli kwamba Spinks alipiga kwa uzito kuliko Finnegan, na Foster asingethubutu kumfuata ovyo; lakini bondia anayepiga kwa uzito husimama ili apige, na kusimama mbele ya Foster ndiko kulikomponza Tiger.

Uamuzi wangu ni Foster kwa KO, yaani kwa kumzimisha mpinzani, mahali fulani kati ya raundi ya tisa na ya 13. Siuoni ushindi wake wa pointi hata kidogo: kengele ya mwisho ikilia wote wawili wakiwa wima, mikono ya majaji ingemwinukia Spinks, na mjomba ndiye angelipia nywele zako. Kwa sasa lipa wewe.

SWALI: Nimebishana na wenzangu wa hapa Ngarenaro kuhusu mabondia haohao. Foster alizimishwa na Joe Frazier na tena na Muhammad Ali, lakini Spinks alimshinda Larry Holmes, bingwa wa uzito wa juu. Hilo peke yake halitoshi kuonyesha nani mkubwa?
Msomaji wa Ngarenaro, Arusha

JIBU: Halitoshi, kwa sababu linajibu swali lingine. Wakati wa Foster hapakuwa na daraja lolote kati ya kilo 79.4 na uzito wa juu, kwa hiyo bingwa aliyetaka fedha nyingi zaidi alivuka mto bila daraja. Foster alivuka akiwa na mwili uleule: alipambana na Frazier Novemba 1970 akiwa na kilo 85 dhidi ya 95 hivi, akaangushwa raundi ya pili, na Novemba 1972 aliingia ulingoni na Ali akiwa na kilo 82 hivi, ilhali Ali alikuwa na kilo 100. Aliangushwa mara kadhaa na kumalizwa raundi ya nane, lakini alimchana Ali usoni, jambo ambalo hakuna bondia aliyekuwa amelifanya tangu Ali aingie katika ngumi za kulipwa. Jebu tena, ndugu yangu.

Spinks alivuka kwa hesabu nyingine. Aliupanga mwili wake upya, akala na kufanya mazoezi kwa utaratibu maalumu, na tarehe 21 Septemba 1985 alimkabili Holmes akiwa na zaidi kidogo ya kilo 90. Holmes alikuwa hajashindwa katika mapambano 48, na alihitaji moja tu kuifikia rekodi ya Rocky Marciano ya 49. Spinks alimshinda kwa pointi, akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu mwepesi kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu akiwa bado anaushikilia ule wa chini. Sitaki kuipunguza sifa hiyo, ni kubwa. Lakini yule Spinks wa kilo 90 hawezi kupanda kwenye mizani ya pambano letu, na Holmes aliyeshindwa alikuwa na miaka 35 na miguu iliyochoka. Ukimtumia Holmes kumpima Foster, mwingine atamtumia Mike Tyson, aliyemzimisha Spinks kwa sekunde 91 mwezi Juni 1988, kumpima Spinks, nasi tutakuwa tumetoka kabisa nje ya ulingo wenyewe.

SWALI: Wazee wa hapa Kiboriloni husema kwamba Mtanzania mmoja aliwahi kupigana na mtu aliyeurithi mkanda wa Foster. Ni kweli?
Msomaji wa Kiboriloni, Moshi

JIBU: Ni kweli. Titus Simba alipata medali ya fedha katika uzito wa kati kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, na aliyemshinda katika fainali alikuwa John Conteh wa Uingereza. Foster alitoka sare na Jorge Ahumada mjini Albuquerque Juni 1974, kisha akastaafu. Oktoba mwaka huo Conteh alimshinda Ahumada Wembley kwa raundi 15 na kuuchukua mkanda wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) uliobaki wazi. Conteh alivuliwa ubingwa huo mwaka 1977, nao ukapita kwa Miguel Cuello, Mate Parlov, Marvin Johnson, Matthew Saad Muhammad na Qawi, hadi ulipofika kiunoni mwa Spinks Machi 1983.