Mwanangu, kuhusu yule bwana anayefika wa mwisho

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi, nikaona simu haitoshi kuujibu. Unasema kwenye kikundi chenu cha mazoezi yuko bwana mmoja, makamo ya mjomba wako, anajiandaa kwenda Moshi mwezi wa pili kukimbia marathoni nzima, kilomita 42 na ushee. Kilomita 10 anazimaliza kwa saa 1 na dakika 35. Kila akifika, tena wa mwisho, mnampigia makofi na kumwambia "utaweza, mzee, kaza hivyohivyo." Wewe moyoni unaona hataweza. Unaniuliza: nimwambie ukweli, au niendelee kumtia moyo?

Hesabu nimeshaipiga, ualimu haujanitoka. Kwa mwendo huo, asipopungua hata hatua moja, ni saa 6 na dakika 40. Na hakuna asiyepungua, sembuse kwenye kile kilima cha kuelekea Mweka. Jua litakuwa utosini naye bado yuko barabarani. Kwa hiyo macho yako hayajakudanganya.

Lakini mimi nataka kujua jambo jingine. Mkimwambia "utaweza", mnakuwa mmesimama wapi? Kama mmeshafika, mmeshakunywa maji, mmekaa Coco Beach na mihogo yenu mkononi, basi hayo ni maamkizi tu, kama mtu anavyosema "pole na kazi" huku anapita. Mtu hutiwa moyo kwa miguu. Nimekwambia hivyo tangu uko darasa la nne, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Nililijua hilo kwenye mchakamchaka. Unakumbuka walimu wenzangu walivyopenda kukimbia mbele na wakubwa, pale penye mwimbishaji na filimbi. Mimi nilibaki nyuma na darasa la kwanza, maana niligundua kwamba wimbo una urefu wake. Mtoto akiachwa hatua hamsini hasikii tena maneno, anasikia kelele za wenzake zinazoondoka. Miguu yake inapoteza mdundo, anaanza kutembea, halafu analia. Ukimwambia "kimbia" analia zaidi. Ukimshika mkono ukaimba naye polepole, anakimbia.

Sasa niseme la mamdogo wa Keko, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wewe ulikuwa bweni mwaka ule, ulisikia juujuu tu kwamba aliugua akaacha mazoezi. Hakuugua. Nilimwangusha mimi.

Ilikuwa Februari, lile joto la kaskazi. Klabu yetu ya jogging ilikuwa na safari ndefu ya kilomita 24, kutoka Uwanja wa Taifa hadi Mbagala Rangi Tatu kwa kuzungukazunguka, kisha kurudi. Tulipaswa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tukasubiriana, tukaondoka saa kumi na mbili na nusu. Kufika saa tatu na robo tuko Mtongani, lami imeshaanza kuchemka, na hewa nzito kiasi kwamba jasho linatiririka badala ya kukauka. Jasho lisilokauka halimpozi mtu, nilikuja kuelezwa baadaye.

Mamdogo alikuwa pembeni yangu. Mtandio wake mweusi ulikuwa umechora mistari myeupe ya chumvi karibu na sikio, kama ramani. Akaniambia, "Mwalimu, nasikia baridi." Nikamshika mkono, kweli ulikuwa wa baridi, na vinyweleo vimesimama. Mtu anayehisi baridi kwenye jua lile anatakiwa kusimamishwa palepale, akae kivulini na kumwagiwa maji. Mimi sikulijua hilo. Nilijua hadithi ya John Stephen Akhwari.

Nilikuwa nimeifundisha miaka na miaka: kijana wetu wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City 1968, ameanguka njiani, goti limeumia na kufungwa bandeji, anaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Waliomaliza walikuwa 57, yeye wa mwisho, na wachache waliobaki uwanjani wakasimama kumshangilia. Hadithi ile hunitoa machozi mpaka leo. Siku ile nikaitumia kama fimbo. Nikamwambia mamdogo, Akhwari angesimama? Akanyamaza. Akauliza, "Zimebaki ngapi?"

Zilikuwa zimebaki kilomita 4. Nilijua, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu, nimefundisha hesabu miaka 29. Nikamjibu, "Moja tu."

Aliongeza mwendo, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, aliongeza mwendo kwa sababu ya ile moja. Hatukufika mbali, akaanza kuyumba kulia na kushoto, akaanguka mbele ya mama anayeuza mkaa. Yule mama ndiye aliyekuwa na akili: alivuta ndoo yake ya maji, akammwagia kichwani na kifuani, akamfunika khanga iliyolowa. Mimi nilisimama tu nimeshika viatu vyake. Bajaji ilitupeleka zahanati, wakamtundikia dripu. Alipofumbua macho vizuri hakunilaumu. Alisema, "Nilikuamini, mwalimu." Basi. Hakukimbia tena. Siku hizi tunasalimiana misibani, ananiuliza habari zako kwa upendo, na mimi kila mara nashindwa kulitaja.

Kitu kingine nilichokuja kukisoma baadaye, na ningetamani ningekuwa nacho siku ile: kwenye mbio zilezile za Mexico, Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964, alijitoa njiani baada ya kilomita 17 hivi kwa sababu ya mguu. Bikila! Na hakuna aliyemvua ubingwa wake. Miaka yote ile nimesimama mbele ya ubao, sikuwahi kuwasimulia watoto habari za aliyesimama.

Kwa hiyo utasema mama anataka nimwambie yule bwana ukweli. Ngoja.

Maana ipo pia siku ya konda. Mwaka mmoja kabla ya hayo, barabara hiyohiyo ya Kilwa, mimi mwenyewe ndiye wa mwisho. Wenzangu siwaoni tena, goti linagonga, nimeshaamua nikifika kituo cha kwa Aziz Ali napanda gari. Likaja daladala la Mbagala likiwa kwenye foleni, linatambaa sambamba nami. Konda amening'inia mlangoni, akanitazama, akapiga bati kwa kiganja, pa pa pa, akaita, "Mama mwalimu! Wanafunzi wako tunakuona!" Sikumtambua, na mpaka leo sijui kama kweli nilimfundisha au aliona tu maandishi ya shule kwenye fulana yangu. Abiria wakaanza kupiga makofi dirishani, bibi mmoja akatoa mkono nje akanipungia leso. Foleni ikafunguka, wakaondoka. Nilipita kwa Aziz Ali bila kugeuza hata shingo. Nikamaliza zote.

Sasa konda yule alikimbia na mimi hatua ngapi? Hata moja. Alikuwa kwenye gari. Kwa kanuni yangu ya miguu, maneno yake yasingekuwa na uzito wowote, na bado nayasikia kila nikifunga kamba za viatu. Nimelizungusha hili kichwani wiki nzima. Pengine tofauti ni kwamba hakuniambia nimebakiza ngapi, wala kwamba nitaweza. Aliniambia ananiona, na kweli alikuwa ananiona. Au pengine ni bahati tu: goti langu lilikuwa linauma bila kuvunjika, na mamdogo mwili wake ulikuwa unazimika. Maneno ya kutia moyo, watu wawili, mmoja yanamfikisha na mwingine yanamlaza chini. Siwezi kukuambia nina hakika.

Wewe ulinipigia simu usiku ule wa Septemba 2025, kabla ya saa kumi alfajiri, unapiga kelele kwamba Alphonce Simbu amempita Mjerumani kwenye mstari wa marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, saa 2:09:48 wote wawili, wametengwa na sekunde 0.03. Nililia na wewe kwenye simu. Lakini aliyeko pale mbele anaiona dhahabu kwa macho yake. Huyo bwana wenu, kilomita ya 30, mwili umemaliza akiba yake ya nguvu, wenye maji wameanza kukunja meza, ataona nini? Ataona mtu kama yupo. Asipokuwepo ataona lami. Narudi palepale, mtu hutiwa moyo kwa miguu, na konda wangu anisamehe.

Ulimi unaniwasha kukuambia la kufanya. Nimeandika sentensi mbili hapa nikazikata. Humjui mke wake, hujui daktari amemwambia nini, hujui kwa nini anataka 42 na si 21, na mimi simjui kabisa. Labda anayo sababu ambayo wewe ukiisikia utanyamaza. Ulishamuuliza? Kwenye ujumbe wako wote mrefu umeniambia mwendo wake, umeniambia viatu vyake, hukuniambia alichojibu ulipomuuliza. Haya, nimesema nusu ya lile nililotaka kulificha. Nusu ya pili inabaki kwangu.

Jumamosi mnapita Daraja la Tanzanite saa ngapi? Niambie, nitasimama upande wa Coco Beach na lile jagi la bluu, maji ya ndimu yenye chumvi kidogo na sukari. Nyie wa mbele mkifika kunyweni mpite zenu. Nitamsubiri yeye, na kama magoti yatakubali nitatembea naye mpaka mwisho. Nimefikiria pia kupita Keko kwanza, kumuuliza mamdogo kama angependa kuja kusimama na mimi pale. Sijui nitaanzaje kumwambia. Nitavaa viatu, nitakwenda.

Mama yako