Kabla hujafundisha majina ya utani ya mitume

Karibuni kwenye ualimu wa shule ya Jumapili, wapendwa. Somo la majina ya wanafunzi wa Yesu hupewa walimu wapya kwa kuwa linaonekana jepesi: Petro jiwe, Boanerge wana wa ngurumo, Barnaba mwana wa faraja; watoto wanakariri, kipindi kimekwisha. Ukifundisha hivyo umewapa kamusi tu. Jina la utani lina aliyelitoa, lina siku lilipotolewa, na lina mtu aliyebaki kuishi nalo.

Anzeni na sababu ya kawaida kabisa. Kati ya wale Thenashara walikuwamo Simoni wawili, Yakobo wawili na Yuda wawili. Darasa likiwa na akina Juma watatu, lazima mmoja ataitwa Juma Mrefu. Simoni wa pili anaitwa Mkananayo, na hakosekani mtoto wa kusema alitoka Kanaani. Mpelekeni Luka 6:15, anakoitwa Zelote, yaani mtu mwenye wivu mkali kwa ajili ya dini na taifa lake. Kisha songeni mbele.

Kwa Petro ndipo pa kukaa. Jina lake ni Simoni; Yesu alimwita Kefa, yaani Petro, jiwe, siku ileile ndugu yake Andrea alipomleta (Yohana 1:42), kabla hajafanya lolote la kumfananisha na jiwe. Shikeni kalamu, mpige mstari kila mahali Yesu anapomwita kwa jina. Gethsemane amesinzia: "Simoni, je! umelala?" Baada ya ufufuo, kando ya bahari ya Tiberia, mara tatu anamwita Simoni wa Yohana. Watoto wakubwa wataona kitu hapo wenyewe. Ila msiifanye kanuni kwamba akiyumba huitwa Simoni, maana Luka 22 itawaumbua: Yesu anaanza na "Simoni, Simoni", na mistari mitatu mbele anamwita Petro, tena katika sentensi ileile ya jogoo na kukana. Mstari huo naupenda kuliko yote ya somo hili. Anayemwita Jiwe anajua fika kwamba kabla ya mapambazuko jiwe litakuwa limeyumba.

Boanerge mlishike kwa tahadhari. Ni Marko peke yake anayelitaja (3:17), na hasemi kwa nini Yakobo na Yohana walipewa. Wengi hukimbilia Luka 9:54, ndugu hao walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria. Yawezekana ndiyo tabia iliyowapa jina, lakini Luka mwenyewe hazungumzii Boanerge hapo. Waambieni watoto kwamba kuunganisha ni kwetu sisi wasomaji.

Tomaso tumemwonea. Biblia inamwita Pacha, bila kusema pacha wa nani, na mtoto akiuliza mjibuni hivyohivyo. "Mwenye shaka" tumembandika sisi. Someni kwanza Yohana 11:16: Yesu anataka kurudi Uyahudi, walikotafuta kumpiga kwa mawe, na ni Tomaso anayewaambia wenzake waende wakafe pamoja naye.

Paulo msimwingize kwenye orodha hii. Hadithi kwamba Sauli alibadilishiwa jina njiani kwenda Dameski imezoeleka mno makanisani, lakini Matendo inaendelea kumwita Sauli muda mrefu baada ya hapo. Hata Roho Mtakatifu anasema "Barnaba na Sauli" (13:2). Jina Paulo linajitokeza 13:9, wakiwa Kipro, na halielezwi kuwa zawadi ya wongofu.

Barnaba mpeni kipindi kizima. Jina lake ni Yusufu, Mlawi wa Kipro, na waliomwita Barnaba ni mitume. Tunakutana naye akiuza shamba na kuleta fedha miguuni pao (Matendo 4:36-37). Wanafunzi wa Yerusalemu wanapomwogopa Sauli, ni yeye anayemchukua na kumpeleka kwa mitume. Baadaye anamfuata hadi Tarso ili wafanye kazi pamoja Antiokia. Msiruke ugomvi wa sura ya 15: Paulo hamtaki Marko aliyewaacha njiani, Barnaba anamtaka, wanaachana. Waulizeni watoto nani alikuwa sahihi, kisha nyamazeni mwasikilize.

Na msiwaruhusu kupeana majina ya mitume siku hiyo. Kuna mmoja atapewa Yuda, na mama yake atakusubiri mlangoni.