Jibu: Mijakaranda inatoka buluu kwenye picha

Mkuu, umeuliza kama kamera yako imeharibika, maana maua ya mijakaranda, ambayo ni ya zambarau, yanatoka buluu kwenye picha. Hapana, haijaharibika. Ua la mjakaranda ni buluu yenye wekundu kidogo ndani yake, na kamera ikijipangia rangi yenyewe, ule wekundu ndio wa kwanza kupotea. Kivulini, asubuhi ya mawingu hapa Arusha, ndiyo hatari zaidi. Nenda kwenye WB (white balance, mpangilio wa rangi ya mwanga), toa Auto, weka alama ya jua (kama 5200K; K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kivulini panda mpaka 6500K au 7000K. Piga RAW (faili ghafi la kamera), maana JPEG (picha ambayo kamera imeshaichakata) ikishakosea huna pa kurudi.

Kosa la pili ni mwanga kuzidi. Fungua histogramu ya rangi tatu (grafu ya mwanga wa nyekundu, kijani na buluu) uangalie ile ya buluu peke yake: ikigonga ukuta wa kulia, petali zinakuwa bapa kama plastiki hata kama picha nzima inaonekana sawa. Shusha mwanga kwenye kamera (exposure compensation) mpaka -0.7. Ukifika kwenye kuhariri, sogeza rangi ya buluu kidogo tu upande wa zambarau. Ukizidisha, na anga inageuka zambarau.

Anga lenyewe halifai kuwa nyuma ya maua haya, yanamezwa. Tafuta ukuta mweupe, au lami yenye maua yaliyodondoka.

Kuhusu chozi uliyemuuliza, yule ndege mdogo anayefyonza nekta ya maua: mng'ao wake unatokana na umbo la manyoya, siyo rangi. Jua liwe mgongoni kwako, kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au ya haraka zaidi, usubiri ageuze shingo. Akigeuka pembeni anakuwa mweusi tii.