Kabla ya chupa, fuata mfereji: niliyojifunza Mendoza

Siku yangu ya kwanza Mendoza nilitumbukia mferejini. Nilikuwa natembea macho juu, nikiishangaa theluji ya milima ya Andes, mguu mmoja ukazama hadi gotini. Mji mzima una mifereji ya wazi kando ya barabara, kila mti una maji yake, na mgeni asiyetumbukia siku ya kwanza hutumbukia ya pili. Kijana aliyenivuta mkono alicheka, akasema neno moja: asekia. Nililiandika kwenye daftari langu la mvinyo nikidhani ni aina ya zabibu, kumbe ni jina la mfereji wenyewe.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhudumia mvinyo hotelini, iwe Dar, Zanzibar, Arusha, Mombasa au huko Dubai, mliokabidhiwa orodha ya chupa za Argentina na kuambiwa mwe mmeikariri kufikia Ijumaa. Mimi niliikariri. Nilijua kutamka Malbec, ile nyekundu, na Torrontés, ile nyeupe, nilijua bei zake, lakini mgeni akiuliza swali la pili nimeishiwa. Ilibidi niende kuvuna zabibu msimu mmoja ndipo nikagundua kuwa somo nilikuwa nimelianzia mwisho. Nyie anzieni pale nilipotumbukia.

Mendoza ni mkoa wa magharibi mwa Argentina, chini ya Andes, na zaidi ya theluthi mbili ya mvinyo wa nchi hiyo hutoka huko. Ni jangwa. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame, hupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Mizabibu inanyweshwa na theluji ya Andes inayoyeyuka, ikashuka kwa mito kama Mendoza na Tunuyán, kisha ikagawanywa mifereji kwa mifereji hadi shambani. Wenyeji wa asili, Wahuarpe, walikuwa wakimwagilia hivyo kabla Wahispania hawajafika. Hadi leo kuna mtu anaitwa tomero, kazi yake kufungua na kufunga malango ya maji kwa zamu. Zamu yako ikiangukia saa nane usiku, saa nane usiku uko shambani na jembe. Mzee niliyevuna kwake alikuwa amebandika ratiba ya maji ukutani jikoni, juu kabisa, na kalenda ya kawaida chini yake.

Mhudumu wa meza hayo yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu ladha inaanzia hapo. Mkulima wa mvua hupewa asichoomba, kwa wakati asioutaka. Wa Mendoza anaamua mwenyewe mzabibu unywe kiasi gani. Akiubania kidogo, zabibu zinabaki ndogo, na rangi na harufu, ambazo ziko kwenye ganda, zinakolea. Hewa kavu nayo inapunguza ukungu, kwa hiyo dawa za kupulizia ni chache. Hata filoksera, mdudu wa mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya karne ya 19, yupo Mendoza lakini hakufanya maangamizi yale, na mizabibu mingi imesimama juu ya mizizi yake yenyewe bila kuunganishwa kwenye shina jingine. Wenyeji wanasema ni mchanga wa kule, pamoja na desturi ya zamani ya kufurikisha maji shambani. Wanachokiogopa ni mvua ya mawe. Mavuno ya mwaka yanaweza kuisha katika dakika chache, ndiyo maana mtaona mashamba yamefunikwa nyavu. Upo pia upepo wa moto unaoshuka kutoka milimani, zonda; siku ulipovuma tulifunga madirisha yote na kichwa kikaniuma hadi jioni.

Mkishajua maji, ulizeni urefu. Yaani shamba liko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa nyuzi kama 0.6. Aliyekulia Kilimanjaro hahitaji maelezo: kutoka Moshi mjini hadi Marangu ni safari fupi, lakini jioni ya Marangu inakudai sweta. Sasa chukueni Maipú, eneo la chini karibu na mji wa Mendoza, muiweke Moshi, na Gualtallary muiweke Marangu au juu yake kidogo. Katikati wekeni Luján de Cuyo, kwenye mita 1,000 hivi, mahali pa mashamba ya zamani ya Malbec. Gualtallary iko ndani ya Valle de Uco, bonde lililo mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kusini mwa mji, ambako baadhi ya mashamba yanapita mita 1,500. Nicolás Catena alipopanda shamba lake la Adrianna huko mwaka 1992, karibu mita 1,450, wapo waliomwonya kuwa zabibu hazitaiva kwa baridi. Zikaiva. Jua la huko juu ni kali na linakoleza rangi ya ganda, halafu baridi ya usiku inauhifadhi uchachu ambao joto la bondeni lingeumaliza.

Fanyeni jaribio hili hata kama mtachangishana hela. Nunueni Malbec mbili za mwaka mmoja, bei zikaribiane, moja lebo yake iseme Maipú au Luján de Cuyo, nyingine Valle de Uco. Mimineni glasi mbili, muonje kwa kupokezana. Ya kwanza mara nyingi itakuwa nene na laini, tunda lililoiva hadi likajidondokea. Ya pili itakuwa imekaza kidogo, uchachu wake umesimama, na harufu yake inaelekea kwenye maua kuliko kwenye jemu. Jaribio hilo la saa moja lilinifundisha kuliko daftari zima. Na mteme! Wanaoonja kwa kazi hutema kwenye ndoo, wala hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Mwenzangu mmoja wa Pemba hanywi pombe kabisa, ananusa tu, na simfahamu mtu anayegundua chupa iliyoharibiwa na kizibo haraka kuliko yeye.

Sasa Malbec yenyewe. Asili yake ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, upande wa Cahors, ambako hadi leo inatoa mvinyo mgumu wenye kukereketa. Ilifika Mendoza na mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, katika mpango uliosukumwa na Domingo Faustino Sarmiento, aliyekuja kuwa rais. Pendekezo la kuanzisha shule ya kilimo liliwasilishwa Aprili 17, 1853, na ndiyo sababu tarehe hiyo sasa ni Siku ya Malbec Duniani. Msishangae mameneja wenu wakitaka ofa wiki hiyo. Reli ya Buenos Aires ilipofika mwaka 1885, ilileta Waitaliano na Wahispania wenye kiu na ujuzi, ikarudi na mapipa.

Mwalimu wangu wa kwanza aliniambia Malbec inanukia plamu, blakiberi na violeti. Niliitikia kwa kichwa. Katika hayo matatu sikuwa nimewahi kula wala kunusa hata moja. Nilipoonja, kilichonijia ni zambarau: rangi ile inayobaki ulimini hadi mama ajue umepanda mti wa watu, utamu kwanza, kisha ukakasi kwa mbali. Nikanyamaza, nikaona aibu. Aibu hiyo ilinipotezea karibu mwaka mzima. Andikeni kumbukumbu zenu kwa maneno ya ulimi wenu. Ile hali ya kinywa kukauka ambayo vitabu huieleza kwa kurasa mbili, wakiitaja tanini, sisi tuna neno lake tangu utotoni, ukakasi, na tunajua viwango vyake: wa bibo, wa ndizi mbichi, wa chai ya rangi iliyochemka ikasahauliwa. Malbec ya Mendoza iko chini kwenye ngazi hiyo, Cabernet Sauvignon, zabibu nyingine nyekundu, ya hapo hapo iko juu zaidi. Mkishapata neno lenu, kumtafsiria mgeni ni kazi ya dakika moja.

Torrontés iliniaibisha mbele ya watu. Kwenye hoteli niliyoanzia, mama mmoja mtu mzima aliomba mvinyo mweupe mtamu. Nikanusa Torrontés, nikasikia asumini na waridi kama kikuba cha bibi harusi, nikammiminia nikimhakikishia kuwa ni tamu. Alionja akarudisha glasi polepole. Ni mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, na mwishoni una uchungu kidogo. Pua na ulimi hapa havizungumzi lugha moja, na mgeni lazima aambiwe kabla ya kumiminiwa. Manukato yale ni urithi: mzazi wake mmoja ni Muscat ya Alexandria, mwingine ni Criolla Chica, zabibu ya zamani iliyoletwa na Wahispania. Torrontés inayosifiwa zaidi hata haitoki Mendoza, inatoka Cafayate, kaskazini katika mkoa wa Salta, karibu mita 1,700. Inywewe changa. Mkikuta ya miaka mitano stoo, mwambieni meneja ukweli.

Bonarda itawachanganya kwa jina tu. Italia wana Bonarda yao, lakini ya Argentina ni ukoo mwingine, zabibu ya Savoie huko Ufaransa iitwayo Douce Noire, ambayo California wanaiita Charbono. Ni nyekundu ya pili kwa kupandwa Argentina, ina rangi nyingi, ukakasi haba, na bei rafiki. Mgeni anayetaka chupa ya mezani isiyomchosha, mpeni hiyo. Halafu kuna zabibu ambazo hamtaziona kwenye orodha ya hoteli: Criolla Grande, Cereza, Pedro Giménez. Hizo ndizo zilizojaza meza za Waargentina kwa vizazi. Mchana shambani tulikunywa mvinyo wa jagi, umetiwa barafu na soda ya kawaida isiyo na sukari. Mimi na daftari langu nikauliza ni zabibu gani. Yule mzee akaitazama glasi, akanitazama mimi, akajibu: “Nyekundu.”

Mavuno huanza Februari na kuendelea hadi Aprili. Mvunaji ana ndoo inayoitwa tacho, ikijaa ni kama kilo 20. Unaiweka begani, unakimbia nayo hadi kwenye lori, unaimwaga, unapewa kisarafu kiitwacho ficha, na jioni unalipwa kwa idadi ya ficha zako. Wachumaji wa karafuu wanaopimiwa kwa pishi wataelewa mara moja. Kando yangu alikuwepo mama wa Kibolivia, umri wa mama yangu mzazi, aliyepata ficha mara tatu ya zangu bila kutoa jasho la kuonekana. Tacho langu la kwanza msimamizi alilikataa, lilikuwa na majani mengi kuliko vishada. Baadaye mama yule alinifundisha jambo ambalo halikuwa kwenye kozi yangu: usiionje zabibu kwa utamu wake tu, itafune kokwa. Ikiwa ya kijani na chungu, bado. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kwa mlio, ikiacha ladha kama ya njugu iliyokaangwa, ita lori.

Kuhusu lebo nitakuwa mfupi. Ikitaja zabibu moja, sheria ya Argentina inataka angalau asilimia 85 iwe zabibu hiyo, kwa hiyo hiyo Malbec yenu inaweza kuwa na zabibu ngeni ndani. Neno “Reserva” kwenye mvinyo mwekundu lina maana ya kutulizwa miezi 12 au zaidi, na “Gran Reserva” 24. Uzito wa chupa hauna maana yoyote. Nimebeba chupa za kuvunja mgongo zenye mvinyo wa kawaida kabisa, na naona ni ufujaji wa kioo.

Kosa ninaloliona kila wiki katika hoteli zetu za pwani ni joto. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu uhudumiwe kwa joto la chumba, na vijana wanauacha kaunta, chumba chenyewe kikiwa na nyuzi 30. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Malbec ya nyuzi 30 inanuka spiriti, na mgeni ataondoka akidhani Mendoza hawajui kazi. Iingizeni kwenye friji saa moja na nusu hivi kabla ya kuipeleka mezani. Meneja akiuliza nani kawaambia muweke mvinyo mwekundu kwenye friji, mmiminieni glasi mbili, moja ya kaunta na moja ya friji, mumsubiri anuse.