Jibu: Kupima nafasi ya chemba baada ya kufunga mtutu mpya

Ndugu, umeuliza kama risasi ya kawaida inatosha kupimia nafasi ya chemba (umbali kati ya uso wa bolti na pale risasi inapokomea ndani ya chemba) ya mtutu mpya wa kaliba ya .308 kwenye bunduki yako ya bolti, Savage 110, hapo Marekani. Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Risasi hazilingani urefu, na si salama. Nunua geji mbili za chuma zenye umbo la risasi: GO (kipimo kifupi kabisa kinachokubalika) na NO-GO (kipimo kilichozidi).

Toa kwanza pini ya kufyatulia na springi ya kitoa ganda, zisikudanganye mkono. Bolti ifunge juu ya GO kwa kidole kimoja tu, bila kulazimisha. Kwenye NO-GO igome. Kaza nati ya mtutu (inayoubana mtutu kwenye mwili wa bunduki), kisha pima tena, maana kukaza husogeza vipimo. Ikifunga kwenye NO-GO, usifyatue kabisa: ganda hutanuka, linaweza kupasuka na gesi ikakurukia usoni.