Oktoba ya Tabora haina sakitu, acheni kufunika nyanya kwa nailoni

Dada mmoja wa Isevya, hapa hapa Tabora mjini, ameniandikia na kuniruhusu niyasimulie yake bila kumtaja. Alikuwa na miche ya nyanya imeshika vizuri nyuma ya nyumba. Akaona video ya mama mmoja wa Uingereza anayefundisha kulinda bustani: jioni funika miche kwa nailoni, kandamiza pembeni kwa mawe, asubuhi funua. Akafanya hivyo hivyo. Kukatokea msiba kwa jirani, akatoka alfajiri kwenda kusaidia, nailoni ikabaki juu ya miche mpaka adhuhuri. "Mama, nimerudi nimekuta mchicha wa kuchemsha," ndivyo alivyoniandikia.

Nilicheka, sikatai. Halafu nikakasirika, maana si wa kwanza.

Yule mama wa Uingereza hajakosea. Kwao hata mwezi Mei, bustani imeshachipua, unaweza kuja usiku mmoja wa anga isiyo na wingu wala upepo, ardhi na majani vikapoteza joto lake lote kwenda juu. Jani likifika nyuzi 0, umande unaganda, maji ya ndani ya jani nayo yanaganda, na asubuhi mche wa nyanya ni mweusi. Hiyo ndiyo sakitu. Kifuniko kinazuia joto la udongo lisitoroke usiku. Hata Tanzania tunayo: waulize watu wa Makete na Kitulo, kule nyanda za juu kusini, habari za Juni mpaka Agosti. Kwao ule ushauri ni mali.

Sisi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu ya Juni na Julai inawavalisha bodaboda makoti mazito asubuhi, basi, haigandishi kitu. Anayetumaliza sisi ni jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijafika. Ardhi imekauka tangu Mei, mawingu hakuna, upepo mkavu unapiga mchana kutwa. Nyanya inapenda nyuzi 20 na kitu mchana. Joto likikaribia 35, chavua inaharibika, maua yanapukutika, na wewe unabaki kulaumu mbegu za dukani. Sasa juu ya hapo uweke nailoni, inayoingiza jua na kufungia joto ndani!

Mimi nilichofanya sikukitoa kwenye video. Baba mkwe wangu alilima tumbaku Urambo tangu ujana wake. Mbegu ya tumbaku ni vumbi tupu, na kitalu chake kinasiwa kipindi hiki hiki cha ukame ili miche iwe tayari mvua zikianza. Wazee wale wanafunika kitalu kwa nyasi, wanamwagilia juu ya nyasi, na miche inavyokua wanazipunguza kidogo kidogo. Nilipoolewa nilimkuta akifanya kitu nilichokiona cha ajabu: saa nane mchana anapitisha mgongo wa mkono chini ya nyasi za kitalu, anautoa, anauweka kwenye udongo wa njia, pale pembeni tu. Akaniambia na mimi nijaribu. Njiani sikuweza kuuacha mkono. Chini ya nyasi udongo ulikuwa na ubaridi kama wa ukuta wa tembe.

Nikasema kama mche mdogo kiasi kile unapona, nyanya zangu zina sababu gani ya kufa?

Basi nikajenga chanja, paa jepesi la kivuli juu ya nyanya. Miti ya kusimamisha nilichoma ncha kwanza mpaka ikawa nyeusi, kwa sababu mchwa wa Tabora mnawajua. Juu nikatandika nyasi za kuezekea, chache, ardhini unaona madoa ya jua na kivuli vimechanganyika nusu kwa nusu. Ukiweka nyingi mche unarefuka, unakuwa mwembamba, unalala. Upande wa mashariki nikauinua, wa magharibi nikaushusha: jua la asubuhi liingie, la alasiri lipigwe kibao. Kwa miche ya kitaluni kimo cha mita 1 kinatosha. Kwa nyanya zilizokwisha hamishwa weka kimo cha mtu, usije ukapalilia umeinama kama mwizi.

Wenzangu wa kikundi walipopita wakaniuliza kama nimeanza kufuga bata. Mmoja, mtu mzima ninayemheshimu mpaka leo, akasema mbele ya watu kwamba wasomi wakikosa kazi wanajengea nyanya nyumba. Nilinyamaza. Novemba ile nyanya zilikuwa zimepanda bei sokoni, fungu dogo unalihesabu kwa jicho moja, na mimi nilikuwa natoka bustanini na beseni. Waliokuja kuniomba nyanya za mboga ni walewale. Niliwapa. Msimu uliofuata mtaa mzima una chanja, na kikundi kikamwalika mtaalamu kutoka mbali aje kufundisha namna ya kujenga chanja. Nilikaa mstari wa nyuma na daftari langu. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Nimesema nimesamehe, lakini kama mnavyoona, bado naandika.

Chanja peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi mnapokata tamaa. Udongo wenyewe uvalishwe matandazo: majani ya mpunga, mabua, nyasi zisizo na mbegu. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwa sababu mchwa akiingia kwenye nyasi kavu na shina likawa jirani, ataonja. Kiangazi kitanda cha bustani kiwe cha kuzama, kingo zimeinuliwa, maji yasikimbie. Masika geuza, panda juu ya tuta. Mwagilia alfajiri au jioni, shinani, maji yashuke chini kabisa. Kurashia rashia kila mara kwa keni kunalewesha mizizi ya juu tu. Na usimwagilie leo debe, kesho kutwa tone; nyanya itaoza kitako, halafu utakimbilia dawa ya ukungu wakati ukungu haupo.

Kuna anayeniuliza kama apande chini ya mwembe, kwa vile Tabora miembe imejaa. Hapana. Kivuli chake ni kizito na mizizi yake inakunywa kabla yako. Mpapai au mlonge una kivuli chepesi, huo sawa.

Jambo jingine la kwetu: kama kuna mvuta au mlima tumbaku nyumbani, anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika nyanya. Ni mimea ya ukoo mmoja, na batobato ya tumbaku, ugonjwa wa virusi, inahama na vidole. Baba mkwe alikuwa hagusi nyanya zangu mpaka apite kwenye ndoo ya maji. Vijana wa leo ukiwaambia hivyo wanaona ni ushirikina.

Ndugu zangu, tumezidi kupenda mambo ya mbali. Mnajua majina ya vifaa vya bustani za Uholanzi, na hapo jirani yuko mzee aliyekuza miche kwenye Oktoba nyingi kuliko umri wenu, hamjamwuliza hata siku moja. Mnataka kuuza nyanya Novemba, na mtu haamki saa kumi na moja kumwagilia. Video inatazamwa kitandani, bustani haimwagiliwi kitandani.

Mvua za kwanza zikija, hasa zile zenye upepo na mawe, chanja bado ni rafiki: kaza kamba, acha nyasi zipokee kipigo. Mawingu yakishatulia, toa nyasi zote. Ukiziacha, majani hayakauki, na ugonjwa wa baka jani utakufikia mapema kuliko jirani.

Kwa dada wa Isevya sasa. Kwangua shina la kila mche kwa ukucha, kidogo tu. Ndani kukiwa kijani, tia maji, weka kivuli leo hii, usubiri. Nyingine zitachipua upya kwenye makwapa ya majani. Iliyo kahawia ndani, ng'oa. Usisie nyanya nyingine sasa, maana zitahamishwa katikati ya mvua kubwa na utapigana na magonjwa mpaka Pasaka. Mahali hapo sia mchicha, baada ya wiki tatu au nne unachuma, na bamia pembeni. Mbegu za nyanya zitunze mpaka Februari au Machi, miche ihamishwe mvua zikielekea kuisha. Na hiyo nailoni usiitupe, anikia michembe, vile viazi vitamu vya kukatakata na kukausha.