Kwa nini mfamasia kamsimamishia mamangu maziwa?

SWALI: Dada mfamasia, mamangu yuko ICU hapa Mombasa, analishwa kwa mpira wa puani. Jana wamesimamisha maziwa eti apewe dawa ya kifafa, na uji wa wimbi niliotoka nao Kisauni kwa thamosi wakaukataa. Kwani shida nini?

JIBU: Pole sana dadangu, Mungu amuafu mama. Ikiwa dawa yenyewe ni fenitoini, ikikutana na maziwa yale haiingii mwilini vizuri na degedege laweza kurudi, ndo maana maziwa husimamishwa lisaa limoja au mawili kabla na baada, na mpira unasukumwa maji. Halafu kuna vidonge vya kufanya kazi polepole, hivyo havisagwi kabisa, ukisaga dozi ya siku nzima inaingia mara moja, so mfamasia ndo anatafuta ya maji. Hata propofoli, ile dawa nyeupe ya kumlaza mgonjwa, imechanganywa na mafuta, mililita 1 ina kalori 1.1 hivi, na lazima zihesabiwe pamoja na zile za maziwa, wengi hawajui hili. Uji nao huziba mpira, na kilichomo hakipimiki. Usiumimine humo hata ukiwa mwepesi vipi, tafadhali.